Kenchi za chuma chepesi: tuvute jointi kabla ya kupandisha paa (Mwanza na kanda ya ziwa)

#1 Mpauaji_Nyakato

Wakuu, mwangaluka.

Ukitoka Mkolani kwenda Buhongwa, au ukishika njia ya Igoma kwenda Kisesa, mapaa ya kenchi za chuma chepesi yanaongezeka kila msimu. Sababu mnazijua. Mbao iliyokauka vizuri ni ghali, mchwa hawana huruma, na kenchi ya chuma inabebwa na watu wawili hadi juu ya ukuta bila kelele. Mimi ni fundi paa, kazi hii naipenda. Ila mteja akija, swali la kwanza ni bei, la pili ni bati gani, la tatu ni rangi. Jointi zimefungwaje na nani amezijaribu, hilo haliulizwi. Na mafundi wengi ukiwabana jibu ni moja: "weka skrubu za kutosha". Za kutosha ni ngapi? Nani amevuta akaona?

Nimefungua uzi huu kwa sababu nataka tufike mahali ambapo fundi wa Mwanza hapandishi kenchi ya chuma mpaka jointi yake imevutwa na mzigo wake umeandikwa. Inawezekana, na vifaa vingine viko hapa hapa mjini.

Kwanza tuelewane kuhusu chuma chenyewe. Hiki ni bati lililokunjwa likiwa baridi kuwa umbo la C au kofia. Unene wake kwa kenchi za nyumba ni kama mm 0.55 hadi 1.2. Wembamba huo usikudanganye: chuma kinachouzwa kama G550 kinafika MPa 550 (nyutoni 550 kwa kila milimita ya mraba) kabla ya kulegea, nondo nyingi tunazofunga kwenye nguzo hazifiki hapo. Kwa hiyo ukivuta kipande cha C kwa urefu wake, si rahisi kukikata. Lakini mzigo wote unaosafiri ndani ya chuma hicho lazima uhame kwenda chuma kingine kupitia skrubu za kujitoboa za mm 4.8 au 5.5, zilizoshika bati mbili nyembamba. Paa likishindwa, mara nyingi linaanzia hapo.

Sasa mzigo. Huku kwetu watu wanafikiria paa linaelemewa kwenda chini. Bati na kenchi za chuma kwa pamoja ni kama kilo 10 hadi 12 kwa mita ya mraba, ni paa jepesi sana. Adui wake ni upepo unaolinyanyua. Chukua dhoruba ya mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa. Hesabu ya mgandamizo ni 0.613 mara kasi mara kasi, unapata kama paskali 550, yaani nyutoni 550 kwa kila mita ya mraba. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi, basi tuseme 500. Paa la mteremko mdogo, madirisha yako wazi upande wa ziwa, paa linanyonywa juu na kusukumwa kutoka ndani kwa wakati mmoja. Tuchukulie paskali 500 zote zinanyanyua. Toa uzito wa paa, kilo 11 hivi kwa mita ya mraba, yaani kama paskali 110. Zinabaki 390.

Kenchi yenye upana wa mita 8, zimepangwa kila mita 1.2: eneo lake ni mita za mraba 9.6. Mara 390, unapata karibu nyutoni 3,700, nusu kila ukuta. Yaani kila ncha ya kenchi moja inavutwa kwenda juu kwa karibu kilo 190. Na haiishii hapo. Kwenye mteremko wa digrii 20, chuma cha juu pale kinapokutana na cha chini juu ya ukuta kinabeba karibu mara tatu ya hiyo: kama kilonyutoni 5.6, kilo 570 hivi. Hiyo ndiyo jointi ya kwanza ninayotaka ijaribiwe. Zile za katikati zinafuata.

Jinsi ninavyofanya jaribio la karakana:

Nachukua mabaki ya chuma kile kile kinachokwenda kwenye paa na skrubu za boksi lile lile. Nalaza vipande viwili vya C mgongo kwa mgongo, vinapishana kama vitakavyopishana kwenye kenchi, nafunga skrubu. Umbali wa skrubu hadi skrubu usipungue mara tatu ya kipenyo, kwa hiyo mm 15 kwa skrubu ya mm 4.8, na hadi ukingo wa bati naacha hivyo hivyo. Ncha ya juu naifunga kwa boliti kwenye fremu nzito iliyochomelewa, ncha ya chini naiunganisha na wenzo. Wenzo ni bomba la mraba lenye egemeo. Upande mfupi unashika jointi, upande mrefu ni mara tano ya ule. Mwisho wa upande mrefu naning'iniza pipa, halafu najaza maji taratibu kwa dumu. Lita moja ya maji ni kilo moja, na kwa wenzo huu inakuwa kilo tano kwenye jointi. Uzito wa wenzo na wa pipa tupu lazima uhesabiwe. Naupima moja kwa moja kwa mizani ya kuning'iniza, ile ile inayopima magunia ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, kabla sijafunga sampuli yoyote.

Kwa nini maji na si mawe au mifuko ya saruji? Maji yanaongezeka polepole bila kishindo. Ukitupia mfuko, unaipiga jointi, na namba utakayopata si ya kweli.

Sasa ukae pembeni uangalie, usikae chini ya pipa. Mwanzo hakuna kitu. Mzigo ukikaribia nusu, unasikia tiki, tiki, ndogo tu. Kichwa cha skrubu kinaanza kuinama upande wa mvuto. Nyuma ya kichwa ukingo wa bati unainuka, unga mweupe wa zinki unadondoka, na tundu lililokuwa duara linarefuka. Ukiweka rula utaona vipande vimeachana milimita moja, kisha mbili, wakati mzigo bado unapanda. Halafu ghafla meno ya skrubu yanatoka kwenye bati la chini na pipa linashuka. Okota skrubu uitazame: nzima. Haijakatika, haijapinda. Kilichoshindwa ni bati.

Hapo ndipo kuna somo kubwa la kazi yetu. Kwenye bati jembamba, kununua skrubu nene zaidi kunasaidia kidogo tu. Unene wa bati ndio unaoamua.

Nawasilisha. Karibuni wahandisi, mafundi na wenye nyumba.

#2 Kamanga_Ng'ambo

Mkuu nimekusoma. Swali: kwa nini tusichomelee tu jointi? Huku Sengerema mafundi wengi wanachomelea, wanasema skrubu zinalegea.

#3 Mpauaji_Nyakato

Kamanga, kuchomelea kwenye bati la mm 0.75 ni kuharibu vitu viwili kwa mpigo. Zinki inachemka na kuwa mvuke kwenye nyuzijoto 907, moto wa kuchomelea unapita hapo mbali sana, kwa hiyo kinga ya kutu inaondoka pale pale unapoihitaji. Na moshi ule mweupe ukiuvuta unakupa homa ya usiku mzima. Fundi yeyote aliyechomelea bati la zinki kwenye chumba kilichofungwa anaijua. Cha pili, nguvu ya G550 imepatikana kwa kukandamizwa kikiwa baridi. Ukikipasha moto, pembeni ya weldi kinarudi kuwa chuma laini. Jointi inaonekana imara kwa macho, wakati bati la pembeni yake limepoteza nguvu uliyoilipia.

Chaneli nene nyeusi za mm 3, chomelea. Hizi nyembamba, skrubu au boliti.

#4 Mhandisi_Ilemela

Mleta uzi umefanya kazi nzuri. Niongeze upande wa hesabu ili watu wajue wategemee namba gani kabla ya kujaza pipa.

Kanuni za chuma kilichokunjwa baridi zina historia ndefu. Taasisi ya chuma ya Marekani, AISI, ilianza kugharamia utafiti wa George Winter pale Cornell mwaka 1939, na kanuni ya kwanza ikatoka 1946. Sehemu ya skrubu ilikuja baadaye sana: Teoman Peköz, wa Cornell huyo huyo, aliichapisha 1990 baada ya kuchambua majaribio zaidi ya 3,500 kutoka nchi mbalimbali. Kwa hiyo fomula hizi zimetoka kwenye kuvuta jointi kweli, kama unavyofanya wewe na pipa lako. Ulaya wana Eurocode 3 sehemu ya 1-3, Australia wana AS/NZS 4600. Zote zinatambua njia zile zile za kushindwa: skrubu kulala na kung'oka kama ulivyoeleza, bati kuchanika mbele ya skrubu, kichwa kuzama kwenye bati, skrubu kukatika, na bati lenyewe kukatika kwenye mstari wa matundu.

Kwa bati mbili zenye unene sawa, skrubu kulala inakadiriwa hivi: 4.2 × kipeuo cha pili cha (unene × unene × unene × kipenyo cha skrubu) × nguvu ya bati. G550 ina sharti moja watu wanalisahau. Kwa kuwa ni kavu, hainyumbuki sana, kanuni ya Australia inataka utumie asilimia 90 tu ya nguvu yake kama unene uko chini ya mm 0.9, na asilimia 75 ukishuka chini ya 0.6.

Weka namba, skrubu ya mm 4.8:
mm 0.75 inatoa karibu kN (kilonyutoni) 2.96.
mm 0.55 inatoa karibu kN 1.55.

Umepunguza unene kwa robo tu, jointi imepoteza karibu nusu. Kwa pipa la mleta uzi, ya kwanza inatakiwa kuanguka karibu na lita 60, dumu tatu. Ya pili lita 32 hivi.

Halafu huruhusiwi kutumia namba hiyo yote kwenye nyumba. Kanuni ya Marekani inagawa kwa 3. Skrubu moja kwenye 0.75 unaihesabu kilonyutoni 1, kwenye 0.55 nusu ya hapo. Rudi kwenye jointi ya ukingoni ya kN 5.6: skrubu 6 kwa bati la 0.75, skrubu 11 kwa bati la 0.55. Na 11 hazitakaa kwenye mgongo wa C ndogo bila kusogeleana kupita kiasi, ndiyo sababu pale panahitaji sahani ya kuongezea au chuma kinene zaidi.

Tahadhari: huu ni mfano wa kufundishia. Nyumba ya mtu inataka mhandisi aangalie mteremko wake, upepo wa eneo na umbali wa kenchi.

#5 MamaG_Buhongwa

Habari za jioni kaka zangu. Mimi si fundi, ni mwenye nyumba, niko hatua ya lenta na nimeshalipa nusu ya kenchi za chuma. Haya mnayosema yamenikosesha amani. Sina pipa wala wenzo. Nikienda karakana wanakokata vyuma vyangu, niangalie nini kwa macho yangu mwenyewe?

#6 Mpauaji_Nyakato

Dada yangu, pole na hongera kwa kufika lenta. Usikose amani, una nafasi nzuri kuliko aliyekwisha paua.

Anza na unene, na usipime kwa maneno ya "geji". Omba maikromita, upime ukingo wa chuma mwenyewe. Kumbuka unapima na zinki yake: mpako ulioandikwa Z275 ni gramu 275 kwa mita ya mraba pande zote mbili, sawa na unene wa kama mm 0.04. Ukisoma 0.75, chuma halisi ni 0.71. Hesabu ya mhandisi hapo juu inataka chuma halisi, basi mwulize muuzaji namba aliyokuuzia ni ipi kati ya hizo mbili.

Halafu tazama chuma kilivyoandikwa. Viwanda vingi vinapiga chapa kwa urefu wa chuma: daraja, unene, mpako. Chuma kisicho na maandishi yoyote kinaweza kuwa kizuri, lakini huwezi kujua mpaka kivutwe.

Kwenye kenchi iliyokwisha fungwa, pitisha kidole nyuma ya jointi. Meno ya skrubu yatokeze upande wa pili, angalau matatu mazima. Shika kichwa uzungushe kwa vidole: kikizunguka, tundu limeliwa na skrubu hiyo haishiki chochote. Hii inatokea sana fundi akitumia mashine ya kugonga kwa nguvu zote, maana bati jembamba halistahimili. Drili yenye klachi ikisetiwa vizuri inaacha pale skrubu inapokaa. Tundu likiliwa, skrubu nyingine isirudishwe hapo hapo. Isogezwe.

Kisha mwombe fundi akukatie vipande vya mabaki avifunge mbele yako, skrubu mbili mbili, uondoke navyo. Fundi anayejiamini hatakataa. Maabara zinazovuta nondo na kuponda kyubu za zege zinaweza kuvuta vipande hivyo kwa mashine ile ile.

#7 Mzee_wa_Mbao

Vijana, nimepaua tangu Mwanza ikiwa na barabara chache za lami. Mbao ya paini kutoka Sao Hill ikitiwa dawa vizuri inakaa miaka mingi, na msumari kwenye mbao unatoa onyo: unalia, unapinda, paa linanesa kabla ya kuondoka. Hiki chuma chenu kinaondoka kimya. Mnipe sababu ya kukiamini.

#8 Mpauaji_Nyakato

Shikamoo mzee. Hoja yako ya onyo ni ya kweli na nashukuru umeileta. Kenchi ya mbao ina mwili mnene, jointi ikilegea mbao za jirani zinapokea. Ya chuma chepesi haina akiba hiyo. Jointi moja ikiachia, chuma cha jirani kinapata mzigo ambao hakikupangiwa na kinakunjamana mara moja.

Upepo unaongeza lingine. Ukinyanyua paa, nguvu zinageuka: chuma cha chini cha kenchi, ambacho siku zote kilikuwa kinavutwa, sasa kinasukumwa kutoka ncha zote mbili. Bati refu jembamba likisukumwa linapinda ubavuni, na jointi zake zinapata msokoto ambao pipa langu la maji haliujaribu. Kwa hiyo baada ya jointi moja moja kupita, kenchi nzima nayo inatakiwa kuvutwa kwenda juu, ikiwa imefungwa na vyuma vyake vya kuzuia kulala.

Sababu ya kukiamini, mzee: chuma ukikipima leo, kipande cha kesho kutoka koili ile ile kitakupa namba ya karibu na hiyo. Mbao mbili za mti mmoja zinatofautiana, moja ina fundo, nyingine ina ufa. Ila usawa huo una faida kwa anayepima tu. Asiyepima ni heri abaki na mbao yako.

#9 Mzee_wa_Mbao

Marahaba. Hapo mwisho umesema neno. Naendelea kufuatilia.

#10 Fundi_Maabara

Nafanya kazi kwenye maabara ya vifaa vya ujenzi, sitaitaja. Niseme mambo ambayo watu wakituletea sampuli wanakosea.

Wanakata vipande bapa, wanafunga skrubu moja katikati, wanaleta. Vipande bapa viwili vikivutwa kwa kupishana vinajikunja, kwa sababu mvuto wa juu na wa chini havipo kwenye mstari mmoja. Bati linafunguka, kichwa cha skrubu kinazama, na unapata namba ya kipande kilichokunjika. Kwenye kenchi mgongo wa C una kingo zake mbili zinazouzuia kukunjika hivyo. Leteni C nzima, au kipande bapa kilichokunjwa kingo. Na ncha mashine inapouma muweke kipande cha kujazia ndani ya C, la sivyo taya za mashine zinaiponda kabla jointi haijaanza kazi.

La pili ni idadi. Sampuli moja haitoshi kusema kitu. Kanuni ya Marekani inataka zisipungue tatu zinazofanana, na kila moja isiachane na wastani kwa zaidi ya asilimia 15. Ikiachana, ongeza tatu nyingine. Nimeona watu wanachagua iliyobeba zaidi, wanapiga picha, wanaipeleka kwa mteja. Hiyo ni hatari kwa watu watakaolala chini ya paa hilo.

La tatu, andikeni mtelezo, yaani vipande vimeachana kiasi gani kwa kila mzigo, si mzigo wa mwisho peke yake. Jointi ikishatelezea mm 3, kenchi imeshuka katikati na dari ya jipsamu imepasuka, hata kama skrubu bado inashika. Mleta uzi rula yako haitoshi hapo. Pata saa ya kupimia mtelezo au hata venia nzuri, usome kila lita kumi.

Na skrubu nyingi hazijumlishwi moja kwa moja. Ya kwanza kwenye mstari inapokea zaidi ya ya mwisho. Jaribu jointi yenye idadi ile ile itakayokwenda kwenye paa, usijaribu skrubu moja ukazidisha kwa sita.

#11 Nansio_Mjenzi

Naandika kutoka Ukerewe. Kwetu maji yametuzunguka pande zote. Je, chuma hiki hakitaliwa na kutu kwenye matundu ya skrubu? Jointi ikijaribiwa leo ikafaulu, baada ya miaka itakuwa ile ile?

#12 Mhandisi_Ilemela

Nansio, ziwa letu ni la maji baridi, hewa yake haina chumvi ya bahari, na chumvi ndiyo inayokula zinki haraka pwani. Hofu yenu kubwa iwe unyevu unaoganda chini ya bati usiku na kukaa kwenye jointi bila kukauka. Paa lipate hewa.

Matundu yenyewe yana kinga: zinki inayozunguka tundu inajitoa kabla ya chuma, kwa hiyo ukingo mdogo uliokatwa hauanzi kutu mapema. Ila msikate kwa grinda. Cheche zinaunguza mpako na vumbi lake la chuma linapanda kutu juu ya bati zima. Kuna mkasi wa bati na mashine za kukata baridi. Skrubu nazo ziwe na mpako unaolingana na wa chuma. Na kenchi isilale moja kwa moja juu ya mbao mbichi iliyotiwa dawa yenye shaba, dawa hiyo inakula zinki. Wekeni karatasi ya lami katikati.

Kuhusu "miaka" kuna jambo jingine, na hili linanigusa sana. Kimbunga Tracy kilipiga mji wa Darwin, Australia, usiku wa kuamkia Krismasi 1974. Mabati mengi yaliondoka ingawa aina hizo za paa zilikuwa zimefaulu majaribio ya mzigo wa kutulia. Walipochunguza walikuta bati limepata nyufa kuzunguka vichwa vya skrubu na misumari: upepo ulinyanyua na kuachia, ukanyanyua na kuachia, usiku kucha, mpaka chuma kikachoka. Baada ya hapo Darwin walidai paa lijaribiwe kwa mizunguko 10,000 ya kunyanyua na kuachia.

Sisi hatuna vimbunga vya aina hiyo. Lakini tuna dhoruba za usiku zinazotoka ziwani msimu wa mvua, na kila moja inatikisa jointi zile zile. G550 ni kavu, inachoka upesi kuliko chuma laini. Mleta uzi, pipa lako linaweza kufanya hata hili kwa kiwango kidogo: jaza hadi theluthi ya mzigo wa mwisho, mwaga, jaza tena, rudia mara nyingi, kisha ndipo uvute hadi mwisho. Namba ikishuka sana, unajua jointi yako haivumilii kutikiswa.

#13 Mpauaji_Nyakato

Mhandisi, nitaweka bomba la kumwagia chini ya pipa na lingine la kujazia juu, valvu mbili, kijana mmoja anasimamia na kuandika. Maji yanarudi kwenye tangi, hayapotei. Na Fundi_Maabara nimekuelewa kuhusu mtelezo. Kuanzia sasa daftari litakuwa na safu yake.

#14 Kamanga_Ng'ambo

Swali la mwisho kutoka kwangu. Kenchi ikishajaribiwa ikafaulu, inashikwaje na ukuta? Huku wanapiga skrubu moja ya juu kuelekea chini kwenye chuma kilicholazwa juu ya lenta, basi.

#15 Mpauaji_Nyakato

Kamanga, hiyo ni jointi kama zile nyingine na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Skrubu ikivutwa kwa mstari wake, meno yanang'oka kwenye bati jembamba kirahisi. Kwa bati la 0.75 fomula inatoa kama kN 1.5, ukigawa kwa 3 unabaki na kilo 50 hivi. Na tulisema ncha moja inavutwa kwa kilo 190. Skrubu moja hiyo haifiki popote.

Tumia kipande cha pembe au mkanda wa chuma unaopanda ubavuni mwa kenchi, skrubu zipigwe kwa ubavu ili upepo ukinyanyua zivutwe kwa kukatwa, si kwa kung'olewa: mbili ni kilonyutoni 2 za kuhesabika, mimi naweka tatu. Upande wa chini mkanda huo ufungwe kwa boliti iliyozikwa kwenye zege la lenta wakati wa kumwaga. Boliti ya kutoboa baadaye inafaa pia kama zege limekomaa, lakini isikaribie ukingo, zege litapasuka. Kufunga kwenye tofali la juu kabisa ni bure, tofali litaondoka na kenchi.

MamaG, wewe uko hatua ya lenta, kwa hiyo hili ni lako kwanza. Kabla hawajamwaga zege, boliti zisimame kwenye kila mahali kenchi itakapokaa, kwa vipimo vya michoro. Na vipande vya mabaki ukivipata, viandike tarehe na boksi la skrubu lililotumika, ulete unene na mzigo wake hapa tuvipitie pamoja na Mhandisi.

#16 MamaG_Buhongwa

Ahsanteni sana kaka zangu. Zege ni Jumamosi. Kesho asubuhi naenda na maikromita ya kuazima, na boliti nanunua nikirudi. Nitaleta namba.